Maji Yaliyo Chini ya Miguu Yetu

Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu na wazee wa mitaa katika mkutano wa Jubilei, Unguja



Tumetakiwa kusema juu ya kilimo na utunzaji wa nchi katika siku hizi ambazo majira yamegeuka. Neno hili ni pana kama bahari, na atakayejaribu kulisema lote kwa saa moja atawachosha wasikilizaji wake bila kuwafaa. Kwa hiyo tumeona vema tuchague jambo moja tu, nalo ni maji. Wala si maji yote, bali yale maji matamu, ambayo wazee wa pwani huyaita maji ya pepo, yaliyolala chini ya ardhi ya kisiwa hiki. Maana muhogo, mpunga, mnazi, ng'ombe, na mtoto aendaye shule, vyote vyayategemea. Na wengi wetu twayanywa kila siku pasipo kujua yametoka wapi.

Unguja hauna mlima wa theluji, wala ziwa kubwa, wala mto utokao nchi nyingine. Mahali palipoinuka kuliko pote, huko Masingini, hapafiki mita 120 juu ya bahari. Vijito tulivyo navyo ni vifupi, na baadhi yake hupotea katika mapango kabla ya kufika pwani. Basi maji yetu yote matamu yana asili moja, nayo ni mvua. Mvua yanyesha, sehemu yake yarudi hewani kwa jua na kwa majani ya miti, sehemu yatiririka mpaka baharini, na sehemu yazama ardhini. Ile iliyozama ndiyo akiba yetu, wala hatuna nyingine.

Lakini chini ya kisiwa si pakavu. Mawe yetu ni mawe ya matumbawe, yenye matundu mengi, na maji ya bahari huingia humo kutoka pande zote. Maji matamu, kwa kuwa ni mepesi kidogo, huelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi; na umbo lake ni kama dengu, nene katikati ya kisiwa na nyembamba kwenye kingo. Wataalamu wamepata kanuni yake: kwa kila futi 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko kama futi 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Mtu akisikia hivi hufurahi, akidhani tumejaliwa hazina kubwa. Walakini na aigeuze hesabu. Ukiyateka maji hata yakashuka futi 1, baada ya muda maji ya chumvi yatapanda kutoka chini kama futi 40 ili kulikamata lile shimo. Ndiyo sababu kisima cha pwani chaweza kuwa kitamu miaka mingi, kisha kikaanza kuwa cha chumvi bila mtu kuona bahari imesogea.

Walimu waweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa bilauri moja. Tieni maji nusu bilauri, myakoroge kwa chumvi nyingi na rangi kidogo. Kisha mimineni maji matamu juu yake polepole sana, kwa mgongo wa kijiko. Yatakaa juu, meupe juu ya yenye rangi. Sasa chukueni mrija, mnyonye kwa taratibu kutoka katika yale ya juu; halafu mnyonye kwa nguvu. Watoto wataona wenyewe rangi ikipanda. Somo hili haligharimu kitu, nasi twaamini halitasahauliwa upesi kama yale ya ubaoni.

Wenyeji wa mjini wameujua ugumu wa maji tangu zamani. Misheni ilipofika Unguja mwaka 1864, mji ulikuwa ukinywa sana kutoka visima vilivyochimbwa katikati ya nyumba, karibu na vyoo na taka. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kikaingia, kikaua maelfu ya watu. Daktari James Christie, aliyekuwa hapa siku zile, aliandika kitabu juu ya ugonjwa huo, kikapigwa chapa London mwaka 1876. Baadaye Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alileta maji mjini kwa mfereji kutoka chemchemi zilizo upande wa kaskazini ya mji, njia ya Bububu. Watu humkumbuka kwa Beit al-Ajaib na taa zake. Sisi twaona kazi yake iliyo bora kuliko zote ni ule mfereji. Jumba lilipendeza macho ya wageni, bali maji yalimfikia hata mchukuzi wa mizigo.

Tangu siku hizo chemchemi na visima vya upande huo vimeendelea kuunywesha mji. Lakini hesabu ya wanywaji haikukaa mahali pamoja. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1978, Unguja na Pemba pamoja walikuwa 476,111. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 1,889,773, na katika hao 1,346,332 walikuwa Unguja peke yake. Kisiwa hakikuongezeka hata shubiri moja. Nyumba zimepanda kutoka Ng'ambo hata kuvifikia vilima, na pengine kuingia katika nchi ile ile ambayo mvua yake ndiyo inayojaza visima. Kila nyumba yaleta mambo mawili: paa na saruji, ambavyo huzuia mvua isizame, na karo, ambalo hupeleka chini kisichotakiwa kuzama. Tusiwalaumu wajengao, kwa maana mtu hana budi kulala mahali. Ila twasema wazi kwamba mwenye kuuza kiwanja juu ya chanzo cha maji auza kisima cha jirani zake.

Sasa tuitazame miti, kwa kuwa miti ndiyo mlango wa maji kuingia ardhini. Mji Mkongwe tunaousifu ulijengwa kwa mawe ya matumbawe, kwa chokaa na kwa boriti. Boriti ni mikoko. Na mtu akipima vyumba vya nyumba za kale atakuta vingi ni vyembamba na virefu, kwa sababu upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti. Chokaa nayo ni mawe yaliyochomwa katika tanuu, na tanuu halishibi kuni. Hata kanisa kuu la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, na ambalo Askofu Steere aliliezeka kwa kuba la mawe ya matumbawe na saruji bila boriti, lina chokaa katika kuta zake. Twayasema haya pasipo kuwashutumu wazee. Wao waliikuta misitu, wakaitumia. Sisi tumekuta mabaki yake.

Na ajabu ni kwamba mabaki hayo yangali yakitufundisha. Mtu aendaye Jozani wakati wa masika aweza kuona mitondoo na michikichi imesimama ndani ya maji. Msitu ule umekaa bondeni kati ya ghuba ya Chwaka na maji ya Uzi, na maji ya chini yapo karibu sana na uso wa nchi. Mvua ikizidi, yatoka nje. Watu huenda kuwatazama kima punju, ambao hawapatikani kwa asili popote duniani ila Unguja, nasi twafurahi waende. Lakini mwalimu apelekaye watoto huko awaonyeshe na maji pia, maana huko ndiko mahali ambapo akiba ya kisiwa yajionyesha waziwazi. Mwaka 2004 msitu huo na mikoko ya Chwaka vilifanywa hifadhi ya taifa.

Upande wa magharibi udongo ni wa kina, na huko ndiko kwenye mashamba ya mikarafuu na minazi. Upande wa mashariki na kusini ni uwanda, nchi ya mawe, ambako mkulima hupanda katika vishimo vya udongo vilivyo kati ya majabali. Wageni wengi wameudharau uwanda wakiuita nchi isiyofaa. Sivyo. Watu wa Makunduchi, Jambiani na vijiji vingine wameishi juu yake vizazi vingi kwa mtama, muhogo, kunde, viazi vikuu na pilipili, kwa sababu walijua sharti lake: ukilima miaka miwili au mitatu, uuache ulale mpaka kichaka kirudi. Majani ya kichaka ndiyo yanayotengeneza udongo juu ya jiwe, na udongo huo ndio unaoyachuja maji kabla hayajashuka. Siku hizi muda wa kulala umefupishwa, kwa sababu watu ni wengi, kuni na makaa vyauzika mjini, na sehemu nyingine zimekuwa viwanja. Mahali pengine kichaka hakipati nafasi ya kuwa kichaka. Basi mvua ikinyesha huko haikosi kuzama, maana jiwe ni kama chujio lenye matundu makubwa. Bali yazama upesi mno, na uchafu wake, na kwa muda mfupi yatokea pwani. Kasoro ya magharibi ni maji kukimbia juu ya ardhi, na kasoro ya mashariki ni maji kukimbia chini yake.

Tena pwani ya mashariki na kaskazini ndiko kwenye hoteli: Nungwi, Kiwengwa, Paje, Jambiani. Huko ndiko dengu ya maji ilipo nyembamba. Utafiti mmoja uliotolewa mwaka 2001 ulikadiri kwamba mgeni mmoja hutumia wastani wa lita 685 kwa siku, pamoja na maji ya bustani na bwawa la kuogelea. Mama wa kijiji anayebeba ndoo kichwani ahesabu mwenyewe hizo ni ndoo ngapi. Hatusemi wageni wasije. Vijana wetu wengi wapata riziki kwao. Twasema kwamba hoteli yenye paa kubwa na tangi la mvua ni jirani mwema, na hoteli yenye pampu kubwa tu ni jirani wa namna nyingine, na wazee wa shehia wana haki ya kuuliza ni ipi kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Mpaka hapa tumesema juu ya mambo ya mikono yetu. Sasa kuna jambo lililoongezeka juu yake, ambalo sisi wa visiwa tuna sehemu ndogo sana katika kulisababisha, nalo ni kugeuka kwa majira. Moshi wa makaa ya mawe na mafuta, uliotoka kwa miaka zaidi ya mia na hamsini katika viwanda vya nchi tajiri kwanza, kisha katika nyingine, umeifunika dunia kama blanketi, na joto limezidi. Wataalamu huita jambo hili mabadiliko ya tabianchi. Mkulima wa Unguja hana haja ya kuambiwa jina lake.

Wazee wetu walikuwa na kalenda ya kulimia. Walihesabu siku tangu Siku ya Mwaka, ile ambayo hata leo huko Makunduchi husherehekewa mwezi wa Julai kwa Mwaka Kogwa, nao waliugawa mwaka kwa miongo, kila mwongo siku kumi. Mzee alijua ni mwongo wa ngapi wa kufyeka, wa ngapi wa kuchoma, na wa ngapi wa kutia mbegu. Ilikuwa elimu ya kweli, iliyotokana na kuangalia miaka mingi. Lakini kalenda yafaa maadamu mbingu zaifuata. Siku hizi wakulima walalamika kwamba masika yachelewa, au yaanza kisha yakatika mbegu ikiwa imekwisha chipuka, au yaja kwa kishindo siku chache kisha kukawa jua. Vuli nayo mwaka mmoja hufurika, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 1997, na mwaka mwingine haionekani. Wala tusiseme tufani ni habari ya nchi nyingine: ile ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, hata Pemba, iliyosalimika zaidi, ikawa ndiyo nchi ya karafuu, na mwezi wa Mei 2024 tufani iliyoitwa Hidaya ilifika karibu na Mafia.

Hapa sikilizeni kwa makini, maana watu wengi hukosea. Husema, mvua ya mwaka ikiwa ni ile ile kwa kipimo, hasara iko wapi? Hasara ipo katika namna ya kunyesha. Mvua ya siku thelathini iliyo ya upole huzama. Mvua ile ile ikinyesha kwa siku tano hukimbia mpaka baharini pamoja na udongo wetu. Kipimo cha mvua chaweza kuwa kile kile na kisima kikapungua.

Na bahari nayo imepanda. Tangu mwaka 1901 hata 2018 bahari za dunia zimepanda kama sentimita 20, na mwendo wake sasa ni wa haraka kuliko mwanzo. Waliokaa Mji Mkongwe wajua jinsi maji ya bamvua yaingiavyo Mnazi Mmoja. Mahali pale palikuwa na mkono wa bahari uliotenga mji na Ng'ambo, ukafukiwa, na bahari haijasahau njia yake. Karibu na hapo, Kilimani, imepandwa mikoko ili kuizuia pwani isiliwe. Twasifu kazi hiyo, maana ukuta wa mawe huanza kuchakaa siku unapomalizika, bali mkoko huanza kukua. Mashamba ya mpunga yaliyo karibu na bahari, ambayo maji ya chumvi yakishaingia huchukua miaka kurudi hali yake, hayana ulinzi mwingine ulio rahisi zaidi.

Juu ya mwani tutasema maneno machache tu. Ulimaji wake ulianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wanawake wa pwani ya mashariki wakapata fedha zao wenyewe, wengi kwa mara ya kwanza. Aina iliyo na bei nzuri haivumilii maji ya joto. Imekufa mahali pengi, na iliyobaki ni ile ya bei ndogo. Wakulima wameanza kuifuata bahari ya kina, ambako maji ni ya baridi zaidi, lakini huko hakwendeki kwa miguu, na wanawake wengi hawakufundishwa kuogelea. Twaona shule za pwani zingefanya vema kuwafundisha wasichana kuogelea kama zinavyowafundisha kusoma.

Basi tufanye nini? Kwanza shambani. Kilimo cha zamani cha magharibi ya kisiwa, mnazi juu, mwembe na mfenesi chini yake, kisha migomba, na chini kabisa muhogo, manjano na tangawizi, ni kilimo kinachopokea mvua kwa ngazi, hata ikifika chini haina nguvu ya kuchukua udongo. Tusiuone ushamba. Majani yaliyofyekwa yasichomwe, yatandazwe. Makumbi ya nazi yazikwe katika shimo la mgomba au mnazi mchanga, maana huyashika maji kama sifongo muda mrefu baada ya mvua kukatika. Penye mteremko matuta yakingame, yasifuate maji. Katika uwanda, kichaka kipewe miaka yake, na anayehitaji kuni apande mivinje au miti mingine mahali maalumu. Kwa mbegu na miche, wapo wataalamu wa kituo cha utafiti cha Kizimbani, mahali penye historia ndefu ya kilimo kisiwani; waulizwe, ndiyo kazi yao.

Pili, na hili twalitaka zaidi kwa mitaa na shule zetu, ni paa. Tufanye hesabu pamoja. Shule yenye paa la bati lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 ina mita za mraba 160. Mvua ya milimita 1 juu yake ni lita 160. Upande wa magharibi wa Unguja hupata kama milimita 1,600 kwa mwaka. Hizo ni lita 256,000. Tuondoe sehemu moja katika tano kwa ajili ya maji yamwagikayo na yakaukayo: zabaki lita 204,800, yaani madumu 10,240 ya lita 20. Penye mvua chache hesabu ipunguzwe, nayo hata ikipunguzwa nusu yatosha kumfanya mtu anyamaze. Tangi la lita 10,000 hujaa kwa milimita 78 tu za mvua, ambazo katika masika huweza kupatikana kwa siku chache. Shule ya watoto 200, kila mmoja akinywa lita 1 kwa siku, yaweza kunywa tangi hilo siku 50. Hayo ni maji ambayo hakuna mtoto aliyeyabeba kichwani, wala kisima kilichopungua kwa ajili yake. Yachujwe na kuchemshwa au kutiwa dawa kabla ya kunywewa.

Lakini tangi bila mtunzaji huwa nyumba ya mbu. Kwa hiyo mtaa usinunue tangi kabla haujachagua watu wa kulitunza, na miongoni mwao wawemo wanawake, kwa kuwa wao ndio wachotaji. Kabla ya masika, mwezi wa Februari au mapema Machi, paa lifagiliwe, mlizamu usafishwe, matawi yanayoning'inia juu ya bati yakatwe, na wavu wa mdomo wa tangi utazamwe kama haujatoboka. Mvua ya kwanza iachwe ipite nje, maana yaosha vumbi na mavi ya ndege.

Tatu, visima vipimwe. Kila mwalimu aliye karibu na kisima cha wazi aweza kufanya hivi: afunge jiwe katika kamba yenye fundo kila nusu mita, alishushe mpaka liguse maji, ahesabu. Visima vya karibu na pwani hupanda na kushuka pamoja na bahari, kwa hiyo afadhali apime mara mbili kwa mwezi, siku ya bamvua na siku ya maji mafu, saa ile ile ya kujaa. Watoto wakubwa washike daftari, waandike tarehe, kina cha maji, ladha yake, ikiwa ni tamu, ya chumvi kidogo, au ya chumvi, na kama mvua imenyesha wiki ile. Mwaka wa kwanza daftari halitasema mengi. Mwaka wa tano wazee wa shehia watakapokaa kuamua juu ya kisima kipya au jengo jipya, liwekwe mezani mbele yao.